Mwarobaini wa Mama Surinder

Bethuel alikuwa na jino bovu, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Kumpata daktari wa meno mjini Birmingham ni jambo la kufunga na kuomba. Kliniki ya kwanza ilimwambia haipokei wagonjwa wapya, ya pili ikamwambia hivyo hivyo, ya tatu haikushika hata simu. Basi Jumamosi moja, shavu limemvimba kama mtu aliyeficha andazi mdomoni, akaenda zake Coventry Road kwa Idil, dada Msomali mwenye duka la udi, tende na miswaki ya miti, akatoka na kifungu cha vijiti vya mwarobaini.

Alivijua vizuri. Kabla ya kuja Uingereza alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Ahero, si mbali na Kisumu, na mwarobaini ulisimama nje ya dirisha la ofisi yake. Mti huo hauhitaji kupigiwa debe mbele ya Mswahili. Jina lake lenyewe linajisifu kwa maradhi arobaini. Wahindi nao huuita nim, na waganga wao wa Ayurveda wamewapa watu vijiti vyake kwa ajili ya meno na fizi tangu zamani za kale. Unakata kijiti kibichi cha unene wa kidole cha mwisho, unatafuna ncha mpaka iwe brashi, unasugua, unatema. Uchungu wake utakukunja uso mpaka kisogoni, lakini jino hunyamaza.

Jumatatu asubuhi alikitia kimoja kwenye mfuko wa kifuani wa sare yake ya kazi, akapanda basi kwenda Great Barr kwa Mama Surinder, mzee aliyekuwa akimhudumia nyumbani kwake kwa niaba ya wakala wa walezi.

Mama Surinder alikuwa Kalasinga wa Kisumu, kama wasemavyo Kenya, yaani Sikh. Alizaliwa huko, akaolewa huko, akaja Birmingham na mumewe miaka ile Wahindi wengi walipofungasha virago. Sasa alikuwa amepita miaka themanini na akili ilikuwa imemtoroka. Kwa miezi mingi hakuwa ametamka neno, si la Kipunjabi, si la Kiingereza, na mbaya zaidi, alikuwa amekataa mdomo wake usiguswe. Fizi zilikuwa zinaoza. Chakula alikisukuma kando kwa sababu kila tonge lilimuuma. Muuguzi aliyekuja kumpima alisema wazi: mdomo huu usiposafishwa mama hatakula, na asipokula itabidi apelekwe kwenye makao ya wazee.

Aliyeumia kusikia hivyo ni Inderpal, mwanawe wa pekee, mwenye karakana ya vyuma kule Tyseley. Alikuwa amemwapia mama yake, akili yake ingali nzima, kwamba hatafia mikononi mwa wageni. Kwa hiyo alikuwa akimlaza katika sebule ya mbele, ambako hakuna ngazi za kupanda, na kila asubuhi alichelewa karakanani ili ajaribu mwenyewe kumpigisha mswaki.

Akija Bethuel na mswaki, mama alimuuma vidole. Akija Inderpal, ilikuwa vibaya zaidi. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akageukia ukuta, akatetemeka.

“Ananionea haya,” Inderpal alimweleza Bethuel kwa Kiingereza, lugha waliyozungumza wao wawili. “Kwetu mama hapendi mtoto wa kiume amwoshe.”

Bethuel aliona hilo lina maana, kwa kuwa hata kwao Nyamira ni hivyo hivyo. Na nani angewaza vinginevyo? Juu ya meko ya sebule hiyo ilining'inia picha kubwa ya marehemu baba wa nyumba, amevishwa shada la maua ya plastiki, kilemba kimekaa sawasawa, ndevu zimechanwa, macho yametulia. Inderpal alifanana naye mpaka inatisha. Alifunga kilemba chake kwa namna ile ile ya baba yake, na hilo lilikuwa fahari yake. Kule gurdwara, hekaluni mwao, wazee walimshika bega na kumwambia baba yake amefufuka.

Jumatatu hiyo Bethuel aliinama kumwinua mama kwenye mito. Mkono wa yule mama, mkono ambao kwa wiki nyingi haukuwa umeshika hata kijiko, ukaruka kama wa mtoto anayeiba sukari, ukachomoa kijiti kutoka mfukoni mwake. Kabla Bethuel hajasema “Mama, hapana,” ncha ilikuwa tayari mdomoni.

Akatafuna. Akatafuna bila haraka, macho ameyafumba, na uchungu ule wala haukumkunja uso. Ncha ilipolainika akasugua meno ya juu, kisha ya chini, kutoka kwenye fizi kuja nje. Alipomaliza akakipasua kijiti katikati kwa kucha, akakipinda kipande kimoja kama upinde, akakwangua ulimi nacho. Bethuel alisogeza bakuli mwenyewe bila kujua amelisogeza saa ngapi. Mama akatema. Kisha akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akafungua mdomo.

“Boi! Veve iko wapi? Lete maji! Pesi pesi, mbwa hii!”

 Bethuel alihisi damu ikimpanda masikioni. Kiswahili! Na si Kiswahili cha salamu na heshima, bali kile cha jikoni, cha amri na matusi, kilichoachwa Kenya pamoja na pasi za makaa. Babu yake Bethuel alikuwa mpishi katika nyumba za watu Kisumu, na aliitwa boi mpaka akapata wajukuu. Bethuel alisoma, akafundisha, akaogopwa na shule nzima kwa fimbo ya maneno yake, akavuka bahari, na sasa boi lilikuwa limemngojea Great Barr, limekaa kitandani, limefunikwa blanketi.

Inderpal aliingia mbio kutoka jikoni, machozi yakimtoka. “Amesema! Mama amesema! Ni lugha gani ile?”

“Kiswahili.”

“Amesema nini?”

Bethuel alimeza mate machungu kuliko mwarobaini. “Anaomba maji,” alisema. “Anasema asante.”

Nusu ilikuwa kweli. Inderpal alimkumbatia mpaka mbavu zikalia. Lakini kitandani, mama alipomwona mwanawe, alirudisha mikono mdomoni na kunyamaza, na furaha ile iliwazuia wote wawili kulitilia hilo maanani.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Asubuhi kijiti, baada ya kijiti uji, na baada ya uji hata dengu na chapati iliyolowekwa. Inderpal mwenyewe alienda Soho Road kutafuta vijiti vibichi, akavimenya, akavikata sawa kwa kisu kidogo cha karakanani. Muuguzi alikuja, akachungulia mdomoni, akasema fizi zinapona, habari za makao tuziweke kando kwanza. Siku hiyo Inderpal aliimba akiosha vyombo, na sauti yake, tuseme ukweli, haikuwa ya kuimbia.

Bei ya yote hayo aliilipa Bethuel. Kila asubuhi ilikuwa boi, mbwa, mvivu, veve nalala tu. Na jina la huyo boi lilikuwa Wesonga. “Vesonga! Sahani chafu! Mimi nafukuza veve leo!” Aliyasema kwa sauti kubwa ya kusikika vyumba vyote, akitazama mlangoni. Bethuel alijibu “Ndiyo, Mama,” akameza, akatafsiri uongo.

Jioni alimweleza mkewe, Moraa, nesi mwenye ulimi usio na breki.

“Ati boi?” Moraa aliacha kukata mboga ya sukuma. “Bethuel, wewe uliacha u-deputy ukuje huku kuitwa mbwa? Ambia hiyo agency ikutoe huko kesho.”

“Ni mgonjwa, Moraa. Hajui anachosema.”

“Anajua. Hiyo ndiyo kitu iko chini kabisa ya roho yake. Zingine zote zimefutika, hiyo imebaki.”

Maneno hayo yalimchoma Bethuel kwa sababu alikuwa ameyafikiria yeye mwenyewe. Hata hivyo hakuomba kutolewa. Kila alipotaka kupiga simu aliwaza: atakayekuja baada yangu hatajua hata neno moja la yule mama, na kijiti kitaonekana kuni.

Uongo nao haukukaa sana. Inderpal alikuwa amemrekodi mama yake kwa simu, akamtumia mama yake mdogo, Gurvinder, aliyekulia Kisumu na sasa anaishi Leicester. Gurvinder alicheka mpaka akakohoa, kisha akatafsiri kila kitu. Asubuhi iliyofuata Inderpal alimngoja Bethuel mlangoni, uso umemshuka.

“Anakuita mbwa,” alisema. “Na wewe unaniambia asante.”

“Sikutaka uumie.”

“Naomba radhi kwa ajili yake. Naona aibu, Bethuel, sijui hata niseme nini.” Akapumua. “Lakini sikia. Mimi nimekaa karibu mwaka mzima bila sauti ya mama yangu. Neno lake ni langu. Likiwa tamu, likiwa chungu, usinichagulie. Nipe lilivyo.”

Bethuel aliona haya, mtu aliyewahi kuwaadhibu wanafunzi kwa kusema uongo. Akampa mkono. “Nitakupa lilivyo,” alisema.

Ilikuwa Alhamisi, mvua ya kipumbavu ya Birmingham inanyesha bila kunyesha, magari ya barabara kuu ya M6 yakivuma kwa mbali. Inderpal alisimama kwenye kizingiti cha jikoni, nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali mama asipoweza kumwona, kwa maana sasa walikuwa wamegundua kwamba akionekana mama hufunga mdomo. Mkononi alikuwa na vijiti alivyovimenya. Mama alikuwa akisugua vizuri, kisha uzi mmoja wa kijiti ukamchoma kwenye ufizi. Alipotema, mate yalikuwa na damu.

Akaitazama ile damu bakulini. Bethuel alijiandaa kwa mbwa na mvivu. Badala yake mama alimshika kifundo cha mkono, akamvuta karibu, akanong'ona. Hakuwahi kunong'ona kabla ya hapo.

“Vesonga. Funga mlango. Bwana iko?”

“Hayuko, Mama,” Bethuel alisema, bila kujua ni bwana gani.

“Chemsha majani ya mvarobaini. Ile ya juzi imekwisha.” Akainua kidole, akagusa mdomo wake wa juu, kisha taya. “Bwana alipiga mimi hapa. Na hapa. Jino moja nacheza. Vatu nauliza, veve sema mimi naanguka kwa bafu.”

 Bethuel aliliweka bakuli chini.

“Na veve usikasirike,” mama aliendelea, macho kwenye mlango wa mbele ya kitanda. “Mimi napigia veve kelele kwa sababu yeye nasikia. Mimi nakuvwa mzuri kwa veve, yeye napiga mimi na nafukuza veve. Kisha nani naleta miti?” Akampigapiga mkono, kama mtu anayembembeleza mtoto. “Veve mutu mzuri, Vesonga. Mimi najua.”

Jamani! Siri ya mtungi aijuaye kata. Wiki zote zile Bethuel alikuwa akibeba matusi yale kama mzigo wa babu yake, kumbe yalikuwa pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na msichana aliyeolewa juzi, amevimba midomo, hana rafiki katika nyumba nzima ila mtumishi anayemkatia vijiti. Aibu na huruma vilimpanda pamoja, akashindwa kujua kipi kikipishe kipi.

“Amesema nini?” Sauti ya Inderpal ilitoka nyuma, ya chini, ya furaha. “Alikuwa ananong'ona. Amesema nini?”

Bethuel aliinua macho, yakatua kwenye picha juu ya meko. Kilemba sawasawa, ndevu zimechanwa. Alitamani angekuwa popote pengine, hata kwa daktari wa meno. Angeweza kusema anaomba maji. Ulimi wake ulikuwa tayari umeshaandaa neno hilo.

“Ulinipa ahadi,” Inderpal alisema. Furaha ilikuwa imeanza kumtoka.

“Anaomba dawa ya mdomo,” Bethuel alisema. “Anasema amepigwa. Jino linacheza.” Kisha akalisukuma lililobaki. “Anasema ni Bwana.”

Neno hilo Inderpal alilijua. Mama yake mdogo alikuwa amemfundisha katika simu zile za vicheko. Rangi ilimtoka usoni.

“Hapana.”

“Nimekupa lilivyo.”

“Baba yangu hakuwahi kuinua sauti katika nyumba hii! Mtu yule alikuwa anaokota buibui kwa kikombe anawatoa nje! Mama amechanganyikiwa. Amechanganya na mtu mwingine, na sinema, na sijui nini.” Alikuwa amekwisha kuingia chumbani, sauti imepanda, mkono wenye vijiti umenyooka mbele. “Mama! Mwambie si kweli!”

Mama Surinder akageuza kichwa. Alikiona kilemba, akaziona ndevu, akauona mkono ulioinuliwa. Mikono yake yote miwili ikaruka mdomoni. Akageukia ukuta, magoti ameyakunja, akaanza kutetemeka, na kutoka nyuma ya vidole ikatoka sauti ndogo ya Kipunjabi ambayo Bethuel hakuielewa na Inderpal aliielewa.

Vijiti vilianguka zuliani.

 Inderpal alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyepigwa yeye. Aliutazama mkono wake mwenyewe, kisha picha, kisha mkono tena. Bethuel aliona jambo likimwingia hatua kwa hatua: asubuhi zote zile, mswaki mkononi, akimwinamia mama yake kwa mapenzi, na kile alichokuwa akikiona mama yake kikimwinamia.

Akarudi nyuma taratibu mpaka akatoka. Bethuel alimkuta ameketi kwenye ngazi, kilemba amekiegemeza ukutani.

“Amesema nisimpige,” Inderpal alisema. “Amesema chakula kiko tayari, nisimpige.” Aliufuta uso kwa kiganja. “Mwambie ameondoka. Kwa lugha yenu. Mwambie yule mtu ameondoka.”

Bethuel alirudi chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. “Mama,” alisema. “Bwana amekwenda safari.”

Ilichukua muda. Kisha kidole kimoja kikafunguka. “Narudi lini?”

“Harudi, Mama. Harudi kabisa.”

Mikono ikashuka. Akavuta pumzi ndefu, akapapasa shuka, akaomba kijiti chake.

Inderpal alishusha ile picha siku hiyo hiyo. Ukutani kulibaki mraba wa rangi safi, na kila mgeni aliuulizia, naye akajibu kwamba fremu ilivunjika. Alijaribu kufunga kilemba kwa namna nyingine, na kwa rangi nyingine, lakini uso ni uso. Jioni moja alimwuliza Bethuel, akijishika ndevu, kama anadhani zikiondoka mama atamtambua. Bethuel alishtuka. Alijua ndevu zile si nywele tu kwa mtu wa imani yake. Akamwambia, “Hata ukizikata, kaka, yeye anangoja mtu wa mwaka ule. Wewe hukuwa umezaliwa.” Inderpal hakuligusa tena jambo hilo.

Moraa aliposimuliwa alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo la kuandikwa. Mwisho akasema, “Ongeza vijiti ukienda. Mpelekee vingi.” Na Bethuel, ambaye jino lake lilikuwa limesahau kuuma, hakulisikia tena boi kama alivyolisikia mwanzo. Mama alipopaza sauti, “Vesonga! Mvivu hii!”, alijibu “Ndiyo, Mama!” kwa sauti kubwa vile vile, ili huyo anayesikiliza, popote alipo, asikie na aridhike.

Inderpal sasa huketi kwenye ngazi. Kila asubuhi kabla ya kwenda Tyseley anaketi pale, mahali asipoonekana, anamenya vijiti kwa kisu chake kidogo, na kimoja kikiwa tayari anakipitisha kwenye ufa wa mlango. Bethuel anakipokea. Mama anasugua, anakula, anaongea, na mwanawe anamsikia.

Wiki iliyopita mama aliuona ule mkono ukipita na kijiti, mkono tu, mpaka kwenye kifundo. Bethuel alishika roho yake. Lakini mama aliinamisha kichwa, akautazama bila woga.

“Vesonga, nani iko nje?”

“Mtu wa miti, Mama. Analeta mwarobaini.”

“Kila siku naleta?”

“Kila siku.”

Mama akafikiri. “Iko baridi nje,” alisema. “Mpe chai. Tia sukari. Akae, anywe pole pole. Mwambie asiogope, Bwana haiko.”

Bethuel alipika chai ya maziwa, akatia sukari, akamletea Inderpal pale kwenye ngazi, akafungua mdomo ili amtafsirie. Inderpal alimwinulia mkono kumzuia. Chai alikuwa ameielewa, na Bwana pia. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakaa, akanywa pole pole kama alivyoambiwa, huku akilia.